Uzi wa Mzee Ntahondi

Mlima ulipotikisika, Nyanzobe alikuwa hajafika nusu ya chai yake. Kikombe kiliruka mezani kikammwagikia mapajani, lakini kabla hajahisi moto wa chai alihisi kitu kikali zaidi kikimpanda kutoka tumboni hadi kooni. Ilikuwa hofu ya wanaume watano kwa mpigo, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwamo chumbani. Walikuwa chini yake, kilomita moja na robo tatu ndani ya mlima wa Nyamisana, kila mmoja akiwa na punje ya chuma iliyopandikizwa chini ya mtulinga, na yeye ndiye aliyekuwa mshika uzi wao kwa zamu ya asubuhi.

Alivua viatu, akakanyaga saruji kwa nyayo zote mbili, akashika ukingo wa meza. Kwenye kioo mbele yake namba tano zilikuwa zinapanda, idadi ya pumzi za kila mtu kwa dakika. Thelathini na moja. Thelathini na nne. Ya mwisho, ya Mzee Ntahondi, ilikuwa arobaini.

"Nimekaa," alijiambia kwa sauti. "Saruji ni baridi. Meza ni ya mbao, ukingo wake umechubuka. Feni inalia. Nimekaa."

Pumzi yake ikashuka. Baada ya muda zile namba nazo zikaanza kuifuata, shingo upande, kama ng'ombe wanaorudishwa zizini jua likiwa bado kali.

Kwa miaka tisa sasa sheria ilikuwa hairuhusu mtu yeyote kushuka chini ya mita elfu moja bila uzi. Kabla ya hapo, watu walionaswa ardhini walikuwa wakikutwa wamekufa, na wataalamu wakipima wanaona kwamba hewa ya kuwatosha siku nzima iliisha kwa nusu siku, kwa kuwa mwenye hofu huvuta hewa mara mbili ya aliyetulia. Ndipo ikabuniwa ile punje. Haikupeleka maneno wala mawazo. Ilisikia hali ya mwili wa mtu mmoja aliyekaa juu, mapigo yake, pumzi yake, kulegea na kukaza kwa misuli yake, ikairudia hali hiyo katika miili ya walio chini. Nao wakihisi kitu, kilipanda. Mwanzoni washika uzi walipewa dawa za kuwatuliza, wasihisi chochote. Katika mgodi mmoja waliokuwa chini wakapokea utupu ule, wakavua barakoa zao wenyewe, wakalala. Tangu siku hiyo dawa zikapigwa marufuku. Kilichotakiwa ni mtu aliye macho, anayehisi kila kitu na bado amekaa.

Injinia Mutalemwa, mkuu wa usalama wa mgodi, aliingia bila kubisha. Vumbi lilikuwa limemjaa kwenye nyusi.

"Njia kuu imejaa kifusi," alisema. "Wamewahi kuingia kwenye chumba cha kujihifadhi, wote watano. Ila boriti ilimwangukia Ntahondi mguuni pale mlangoni. Wamemvuta ndani, mguu umesagika."

"Na hewa?"

"Mitungi miwili kati ya minne imepasuka. Tumeshaanza kutoboa mwamba tuwapelekee bomba. Litafika saa kumi na mbili jioni, mwamba ukitukubalia. Wakipumua mara kumi na mbili kwa dakika, hewa itafika nao hadi hapo. Wakizidi kumi na sita, haifiki."

Nyanzobe aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi asubuhi.

"Injinia, Bundala ni mdogo wangu. Tumbo moja."

"Najua."

"Sheria inasema nisimshike ndugu yangu zikitokea ajali."

"Mwenzako yuko Kibondo, anamzika mama yake. Hata akianza safari sasa hivi, ni kesho. Kama kuna mtu mwingine unayemjua, nitajie nimlete."

Hakuwa na mtu wa kumtaja.

*

Hadi saa sita mchana alikuwa amewafikisha kwenye pumzi kumi na tatu, wote isipokuwa Mzee Ntahondi.

Yeye na mzee hawakuwahi kula pamoja, wala hakujua nyumbani kwake ni wapi zaidi ya kusikia kwamba ni mtu wa Kasulu. Lakini kwa miaka mitatu alikuwa amemshika kila asubuhi, akamjua jinsi mke asivyoweza kumjua mume. Alijua kwamba lifti ikianza kushuka, moyo wa mzee huyo huruka pigo moja kisha ukatulia. Alijua kwamba kila ikikaribia saa sita mwili wake hulegea ghafla, taratibu na kwa furaha, na alikuwa amejiambia kwamba huenda ndiyo saa anayosali. Leo saa sita ilipita bila kulegea. Kilichopanda ni maumivu. Yalikuja kama mtu anayesukuma mlango kwa bega, yakapumzika, yakarudi na nguvu mpya, na kila yaliporudi yalipita ndani ya Nyanzobe yakawafikia wale wanne. Chande, kijana wa Tunduru aliyekuwa amelala karibu na mzee, alifika ishirini. Bundala alifika kumi na tisa.

Nyanzobe aliyapokea kadiri alivyoweza. Alifundishwa kutoyafukuza. Mwalimu wake wa chuoni alikuwa akiwaambia kwamba hisia inayofukuzwa hurudi na wenzake, kwa hiyo iangalieni tu, mseme iko wapi mwilini, halafu mrudi kwenye kile mnachokigusa. Goti la kulia linawaka. Siyo goti langu. Mkono wangu uko juu ya mbao. Lakini jasho lilikuwa limeloanisha blauzi yote mgongoni, na saa saba na nusu namba za wale wanne zilikuwa zimeganda kwenye kumi na nane.

Mutalemwa alivuta kiti, akakaa karibu naye. Aliongea chini chini.

"Nimepiga hesabu mara tatu. Kwa mwendo huu wataishiwa saa kumi na nusu. Wote."

Nyanzobe alizitazama zile namba.

"Maumivu ya Ntahondi ndiyo yanawapandisha wenzake. Ukikata uzi wake, wale wanne watashuka."

"Na yeye?"

"Yeye atabaki peke yake." Alipangusa nyusi. "Ameshapoteza damu nyingi, Nyanzobe. Hofu itammaliza haraka. Sipendi kusema hivi, ila akienda mapema, hewa inabaki."

"Unaniamuru au unaniomba?"

"Nakuambia ninachokiona. Wanne watatoka, na mmoja wao ni mdogo wako."

"Usimtaje Bundala."

"Nisipomtaja hatakuwa chini?"

Swichi tano zilikuwa mbele yake, kila moja na jina limeandikwa kwa kalamu nene juu ya plasta. Alijaribu kujiuliza angefanya nini kama Bundala angekuwa nyumbani leo, amelala, ana homa. Angekataa? Au angekata mapema zaidi, kwa kuwa asingejitilia shaka? Maumivu yalikuwa yanasukuma tena mlango, na aliona Bundala akipanda ishirini, ishirini na moja.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano mchana. Alikata.

Kilichokuja kilikuwa nafuu. Goti lilizimika. Mabega yakashuka yenyewe, pumzi ikaingia hadi chini, na mwili wake ulifurahi, naye akauona ukifurahi. Namba nne zikateremka kwenye kioo, kumi na tano, kumi na tatu, kumi na mbili. Mahali pa tano palikuwa peusi.

"Umefanya vizuri," alisema Mutalemwa, na hakumwangalia usoni.

*

Simu ya waya iliyounganishwa na chumba cha kujihifadhi iliita saa nane na dakika mbili. Ilikuwa sauti ya Bundala.

"Dada, umemfanya nini mzee?"

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na nyingine. Nyanzobe alikuwa hajawahi kuisikia sauti ya Mzee Ntahondi ikipanda juu. Sasa alikuwa anaita majina, moja baada ya jingine, huku kitu cha chuma kikigonga ukutani.

"Alikuwa ametulia muda wote," Bundala alisema, akihema. "Anauma meno lakini ametulia. Ghafla akakurupuka, anasema gizani hakuna mtu. Sisi tuko hapa, tunamshika, anatusukuma. Anasema amewekwa kaburini. Umemwacha?"

Nyanzobe alifungua mdomo amdanganye. Angeweza kusema mtambo una hitilafu. Lakini uongo ule ulishafika chini kabla hajautamka, kwa sababu aibu ilikuwa imeshampanda kifuani, na uzi hauna namna ya kuchagua cha kupeleka. Kumi na saba. Ishirini. Ishirini na tatu, wote wanne. Hawakujua walichokuwa wanakihisi, walijua tu kwamba huko juu, kwa mtu waliyemtegemea, kuna kitu kimeoza.

"Nyanzobe, tulia," alisema Mutalemwa.

"Toka nje."

"Tulia kwanza, wanapanda..."

"Toka nje, Injinia!"

Alitoka.

Nyanzobe alihitaji kumrudisha mzee, na hakuweza kumrudisha akiwa hivi. Akiwasha ile swichi sasa, watu watano watapokea aibu yake pamoja na goti lililosagika, na hapo hewa haitafika hata saa tisa. Alifumba macho, akaanza kuhesabu pumzi, akailazimisha ya nne iwe ndefu kuliko ya tatu. Haikukubali. Kila alipoisukuma aibu chini ilichomoza pembeni, na namba zikaruka. Ishirini na tano.

Alifumbua macho. Hakuna pa kukimbilia, alijiambia. Basi.

Akaacha kusukuma. Alitafuta mahali ilipo, akaikuta: chini kidogo ya koo, ngumu, ya moto, ukubwa wa limau. "Hii ni aibu," alisema. "Nimemkata mtu aliyekuwa ananitegemea, na nilipomkata nilifurahi. Ni kweli." Aliposema ni kweli machozi yalitoka, akayaacha yatoke. Mkononi palikuwa na mbao. Alipapasa ukingo uliochubuka hadi akapata kijiti kidogo kilichochomoza, akakigandamiza kwa dole gumba, akasikia ncha yake. Dirishani kulikuwa na nzi wawili. Nje mashine ya kutoboa mwamba ilinguruma, ikakatika, ikanguruma. Harufu ilikuwa ya dizeli na ya ile chai iliyokaukia kwenye sketi yake, tangawizi. Aibu ilikuwa bado ipo, haikupungua hata chembe. Lakini sasa ilikuwa kitu kimoja kati ya vitu vingi vilivyokuwamo chumbani, pamoja na nzi, pamoja na mbao, na yeye alikuwa amekaa katikati yake, hajakimbia.

Kumi na tisa. Kumi na nane.

Saa nane na dakika sita aliwasha swichi ya tano.

Ilikuwa kama kupigwa nyundo. Aliona weupe mtupu, akasikia mtu akipiga kelele, akajua ni yeye. Lakini nyayo zilibaki sakafuni. Akashika simu.

"Bundala, mwekee mzee simu sikioni."

Kulikuwa na mburuzo, kisha pumzi nzito, fupi fupi.

"Mzee Ntahondi. Ni Nyanzobe."

"Ulinitupa." Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Ndiyo, baba. Nilikutupa. Nimerudi."

"Usiniambie nitapona."

"Sikuambii. Niambie wewe kitu kimoja tu. Mkono wako wa kulia uko juu ya nini?"

Maumivu yalisukuma mlango, Nyanzobe akaufungua, yakapita.

"Chuma," alisema mzee.

"Cha moto au baridi?"

"Baridi. Kina maji maji."

"Kina mikwaruzo, au ni laini?"

"Kina... kuna misumari ya kubana. Vichwa vya misumari. Vitatu."

"Pitisha kidole juu yake, kimoja kimoja. Mimi niko nawe kwenye kila kimoja. Chande yuko karibu?"

"Yupo."

"Mwambie akushike mkono wa kushoto. Akushike tu, asikubembeleze. Wengine wote waweke mikono yao sakafuni wakuambie wanagusa nini."

Wakaanza. Alizisikia sauti zao simuni, moja moja, zikiwa zimekauka: mchanga, kamba ya kofia, buti la Chande, maji. Mzee alirudia kila walichotaja. Maumivu hayakupungua, Nyanzobe aliujua uzito wake na hayakupungua, lakini yaliacha kuwa giza. Yalikuwa mguu. Mguu mmoja wa mtu mmoja, katika chumba chenye watu watano na misumari mitatu.

Saa tisa kamili namba zote zilikuwa chini ya kumi na tano. Saa kumi, kumi na mbili.

*

Mzee Ntahondi alianza kuondoka saa kumi na moja kasoro robo. Nyanzobe alijua kabla ya kioo. Goti liliacha kuuma, na baridi ikapanda polepole kutoka miguuni, si baridi ya kutisha, ila ya mtu aliyesahau kujifunika. Mutalemwa alikuwa amerudi, amesimama mlangoni.

"Mwache sasa," alisema. "Akifia mikononi mwako wote watasikia."

"Watasikia," alisema Nyanzobe.

Akachukua simu, akawaambia. Hakuzunguka. Aliwaambia mzee anakwenda, na kwamba watahisi kitu kinawapungua, na kitakapowapungua wasikitafute, waguse kilicho karibu, wapumue naye. Chande akauliza kama anaweza kuendelea kumshika mkono. Akamwambia ndiyo.

Moyo ule uliruka pigo moja, kama ulivyozoea kuruka lifti ikianza kushuka. Safari hii haukurudi kupiga.

Nyanzobe alilia kwa sauti, mikono yote miwili juu ya meza, na pumzi yake iliingia na kutoka katikati ya kilio. Kumi na nne. Kumi na tano. Alihisi kilio cha wale wanne kikipanda kukutana na chake. Kumi na tano. Kumi na nne. Mutalemwa aliketi sakafuni palepale mlangoni, akajifunika uso.

Mwamba uligoma kwa robo saa. Bomba lilifika saa kumi na mbili na dakika ishirini, na kipimo cha mitungi kilikuwa kimeshalala kwenye sifuri.

*

Waliwatoa asubuhi yake, saa tatu, wakiwa wamefungwa vitambaa machoni kwa sababu ya jua. Bundala alimtambua dada yake kwa kumshika uso. Walikaa hivyo mpaka manesi wakawatenganisha. Alipokuwa anapandishwa kwenye gari la wagonjwa alimvuta sikio karibu.

"Zile dakika," alinong'ona. "Tumekubaliana sisi wanne. Hatukusikia kitu."

Mutalemwa naye alikuwa na karatasi mkononi. Alimfuata hadi kwenye bomba la maji.

"Nimeandika hitilafu ya mtambo," alisema. "Dakika kumi na moja, uzi mmoja ulipoteza mawasiliano, ukarudi wenyewe. Weka sahihi hapa. Hakuna atakayeuliza."

"Mke wake yuko wapi?"

"Nyanzobe, sikiliza. Mimi ndiye niliyekwambia ukate. Unataka kumbebesha yule mama jambo ambalo..."

"Yuko wapi?"

Alimwonyesha.

Velediana Ntahondi alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya zahanati ya mgodi, mwanamke mrefu, mwembamba, amefunga kanga mbili kiunoni, na buti za mume wake zikiwa kando yake. Alikuwa ameshazisafisha. Nyanzobe alimwamkia shikamoo, akajitambulisha jina na kazi yake, akabaki amesimama.

"Marahaba," alisema Velediana. "Wewe ndiye ulikuwa naye."

"Ndiyo, mama."

"Wameniambia alikufa ameshikwa mkono. Kwamba hakuwa peke yake hata mara moja. Ni kweli?"

Limau lilikuwa limerudi mahali pake, chini ya koo. Aliliacha likae.

"Si kweli, mama. Alipokufa hakuwa peke yake. Lakini kabla ya hapo, kuanzia saa nane kasoro dakika tano mpaka saa nane na dakika sita, alikuwa peke yake. Aliogopa sana, aliita watu. Mtambo haukuharibika. Mimi nilimkata, nikiwa na akili zangu, kwa sababu mdogo wangu alikuwa mmoja wa wale wengine."

Manesi wawili walipita na machela tupu. Mkono wa Velediana ulikuwa juu ya buti moja, unazungusha ncha ya kamba.

"Saa nane," alisema hatimaye. "Kina mama wa kanisani walituletea wali pale kwenye uzio tulipokuwa tukisubiri. Mimi nilisema siwezi kula. Halafu nikala. Ulikuwa mtamu, nikaomba waniongezee." Aliinua macho. "Aliita nani?"

"Sikuyajua majina yote. La kwanza nililolisikia lilikuwa lako."

Mjane aliinama, paji la uso likagusa magoti, akakaa hivyo muda mrefu. Nyanzobe hakumgusa. Hakuondoka pia. Alisubiri kufukuzwa, na alikuwa tayari kufukuzwa.

Velediana alipoinuka, alizichukua zile buti akaziweka chini, na nafasi ikapatikana kwenye benchi.

"Kaa," alisema. "Uniambie yote, tangu asubuhi aliposhuka. Usiruke kitu."